Sauti Ndogo za Wanyama na Sikio la Mtoto Wako

Kama unafua, endelea kufua. Kama unanyonyesha, kaa vizuri, egemeza mgongo ukutani, mtoto aletwe kwa titi na si titi kwa mtoto. Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na leo mada yetu huenda ikawashangaza wengine.

Kabla sijaanza nawaomba jambo moja. Punguza sauti ya redio hii kidogo. Punguza tena. Usiizime, tafadhali, lakini ipunguze hadi uweze kusikia kilicho nje ya dirisha lako.

Kama ni asubuhi na matatu hazijajaa barabarani, huenda umesikia njiwa juu ya mabati au kwenye nyaya za stima. Wengine wanamwita hua, wengine tetere. Sauti yake ni ya chini, inazunguka, inarudia neno lile lile kama mtu anayebembeleza. Tunaishi naye kila siku na hatumsikilizi. Kwarara, yule ndege mwenye mdomo mrefu, yeye humkosi, anapita alfajiri akipiga kelele kama amechelewa kazini. Wale wa Dandora mnamjua korongo mkubwa wa kwenye taka, marabou. Huyo ni mkubwa kuliko wote na karibu hana sauti kabisa, hugonganisha mdomo tu. Lakini njiwa ndiye ninayetaka tuanze naye, kwa sababu ana siri moja inayomhusu mama mwenye mtoto mchanga.

Mtazame siku moja akiimba. Mdomo wake umefungwa. Anajaza hewa kooni, shingo inavimba, na sauti inatoka kupitia ngozi ya shingo, ndiyo maana inasikika nzito na laini. Ng'ombe aliyezaa hufanya jambo linalofanana na hilo. Ndama akiwa karibu naye, mama ng'ombe hatoi ule mlio mkubwa wa kuita kutoka malishoni. Hutoa mgumio wa chini, mdomo umefungwa au umefunguka kidogo tu. Wale mliokulia mashambani mmeusikia. Ule mlio mkubwa ni wa ndama aliye mbali, na huu mdogo ni wa ndama aliye ubavuni.

Sasa mama, na wewe unaweza. Mtoto akilia usiku, na umeshaangalia kwamba ameshiba, hajalowa, hana joto la homa, mvue nguo za juu abaki na nepi, mlaze kifuani pako ngozi kwa ngozi, mfunike na leso au blanketi, kisha funga mdomo na ugumie wimbo wowote. Huhitaji sauti nzuri. Huhitaji hata kukumbuka maneno. Mtoto anaisikia sauti kwa masikio na pia anaihisi mtetemo kupitia kifua chako. Anasikia na moyo wako, ambao aliuzoea miezi yote ya tumboni. Huko tumboni hakukuwa na kimya, kama watu wengi wanavyodhani. Kulikuwa na mapigo ya moyo, damu ikipita, tumbo likinguruma, na sauti yako ukiongea na jirani. Kwa hiyo mtoto mchanga hatafuti kimya kabisa. Anatafuta sauti ya chini isiyobadilika ghafla.

Njia hii ya ngozi kwa ngozi iliingia hospitalini kutokana na kazi ya madaktari wa Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, walipokuwa na watoto njiti wengi na vifaa vichache vya kuwapasha joto. Waliipa jina la kangaruu, yule mnyama wa Australia anayebeba mtoto mfukoni. Leo hata hapa Kenya inatumika kwa watoto waliozaliwa na uzito mdogo. Lakini si lazima mtoto awe njiti ndipo umweke kifuani. Na baba naye anaweza. Kifua cha baba kina mgumio mzito zaidi, na watoto wengi hulala hapo haraka, jambo ambalo akina mama wengine hawapendi kulikubali.

Nimesema mtoto anakuwa amezoea sauti yako kabla hajazaliwa. Kuku anatufundisha jambo hilo vizuri sana. Kama unafuga kuku wa kienyeji nyuma ya nyumba, siku moja au mbili kabla mayai hayajaanguliwa, inama karibu na kiota, usimuudhi. Utasikia vifaranga wakilia ndani ya yai, sauti nyembamba sana. Na mama kuku anawajibu, kwa kokoko ya chini. Wanaongea kabla hawajaonana. Mamba wa mto Tana naye, pamoja na ukali wake wote, hungoja watoto wake walie ndani ya mayai ndipo afukue mchanga awatoe.

Binadamu ni hivyo hivyo. Mtoto aliye tumboni huanza kusikia karibu na mwezi wa sita. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, DeCasper na Fifer, waliwapa watoto wa umri usiozidi siku tatu chuchu ya kunyonya iliyounganishwa na mashine ya sauti. Watoto wale walibadilisha namna ya kunyonya ili waisikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Siku tatu tu, na tayari wanachagua! Kwa hiyo dada mwenye mimba ya miezi saba unayenisikiliza, ongea na tumbo lako. Usione haya. Kuku haoni haya.

(Naongeza hapa kwa wale wenye kuku: kuku wakae kwao. Mtoto anayetambaa asitambae penye kinyesi cha kuku, na mikono ioshwe kwa sabuni.)

Paka pia ana sauti yake, ile ya mrrr anapolala mapajani. Inatulia sana, na kuna nyanya wengi hapa mitaani ambao paka ndiye mwenzao wa jioni. Ila paka hutoa sauti hiyo hata akiwa mgonjwa au anaumia, kwa hiyo usidhani kila mrrr ni furaha. Na mama mjamzito asiguse kinyesi cha paka, mtu mwingine asafishe, kwa sababu kuna kijidudu ndani yake kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Halafu kuna mbu. Sauti yake ni ndogo kuliko zote na haijawahi kumtuliza mtu! Ukiisikia, shusha neti.

Usiku kuna nyenje. Nyenje dume husugua mabawa yake kumwita jike, na kasi yake inafuata joto. Usiku wa joto wa Februari anaenda mbio, na baridi ya Julai ikiingia anapunguza mwendo hadi unaweza kuhesabu kila mlio. Mpe mtoto wa miaka mitano kazi ya kuhesabu milio ya nyenje kitandani. Wengi hawafiki hamsini.

Najua kuna mama anasema, sista, hayo ni ya watu wa Karen. Mimi nakaa chumba kimoja, jirani ana spika kubwa kama kabati, ukuta ni mabati, na barabarani kuna matatu za kupiga honi. Nakusikia, dada. Mimi pia nimeishi nyumba ya ploti. Kwa hiyo tuseme ukweli kuhusu kelele.

Sauti hupimwa kwa desibeli. Kunong'ona ni kama desibeli 30. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kanuni za kelele za mwaka 2009, zinazosimamiwa na NEMA, zinasema kwamba mahali watu wanapoishi, kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kelele isizidi desibeli 35. Hiyo ni juu kidogo tu ya kunong'ona. Sisi sote tunajua mitaa yetu haifiki hapo, lakini ni vizuri ujue kwamba sheria iko upande wa mtoto wako anayelala. Unapoenda kuzungumza na jirani, huendi kuomba msaada wa bure. Nenda mchana, nenda kwa heshima, mbebe mtoto ukienda. Nimeona kupeleka mtoto kunasaidia kuliko kupeleka malalamiko. Ikishindikana, mwambie landilodi au mzee wa mtaa, kisha ofisi ya chifu.

Kelele isiyoisha inamchokesha mama pia. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 2022 uchunguzi wa watu 295 waliosikiliza sauti kwa dakika 6 tu. Waliosikiliza ndege walipungukiwa na wasiwasi. Waliosikiliza kelele za magari walizidiwa na huzuni. Dakika 6, mama, ni muda wa chai kuchemka. Asubuhi mapema kabla ya Jogoo Road kuamka, simama mlangoni na mtoto mgongoni, usishike simu, sikiliza ndege hadi chai ichemke. Sisemi hiyo ni dawa ya kila kitu. Kama umejifungua na kwa zaidi ya wiki mbili unalia, hulali hata mtoto akilala, huoni maana ya chochote, au unapata mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hilo si jambo la njiwa. Njoo kliniki siku hiyo hiyo. Hatutakucheka.

Na kuhusu kilio cha mtoto mchanga, kilio huongezeka hadi karibu wiki ya sita, kisha hupungua kufikia mwezi wa tatu au wa nne. Ukihisi hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, pumua, mwite jirani. Usimtikise. Kumtikisa mtoto kunaweza kumvujisha damu kwenye ubongo.

Wengine mmeniuliza kuhusu zile sauti za ndege na mvua zilizo kwenye simu. Zinaweza kusaidia, ila simu isiwekwe kwenye mto wa mtoto. Iweke mbali, upande mwingine wa chumba, sauti ya chini kiasi kwamba wewe ukinong'ona karibu na kitanda bado unasikika. Akishalala, zima. Na usimzibe masikio mtoto kwa vile visikizi vya watu wazima.

Sasa nifike kwa jambo lililonifanya nichague mada hii, na si jambo la kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mgeni kazini, mama mmoja aliniletea mtoto wake wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa na vifaranga kwenye katoni chini ya kitanda, wapate joto. Akaniambia, "Sista, huyu hasikii vifaranga. Dada zake wakiwa wadogo hivi walikuwa wakitambaa kutafuta ile sauti. Yeye mpaka awaone."

Nilimchukua yule mtoto, nikapiga makofi karibu na uso wake. Akageuka. Nikamwambia mama, "Anasikia. Wavulana huchelewa kuongea, usiwe na wasiwasi." Mama akaniambia pia kwamba mlango ukibamizwa anashtuka, na lori likipita anaangalia nje. Sote wawili tukaridhika. Yeye aliridhika kwa sababu mimi nina yunifomu.

Alirudi mtoto akikaribia miaka mitatu. Hakuwa na neno hata moja. Alipopimwa kwa mashine katika hospitali kubwa, ilionekana kwamba masikio yote mawili yalikuwa na upungufu mkubwa. Yale makofi yangu aliyaona kwa macho na kuhisi upepo wake. Ule mlango aliuhisi kwa miguu, kupitia sakafu. Kumbe mama alikuwa amempima mtoto vizuri kuliko mimi, kwa kutumia vifaranga, na mimi nikamwambia arudi nyumbani. Mtoto alipoteza zaidi ya mwaka ambao angekuwa anajifunza lugha.

Ndiyo maana nasema sauti kubwa hutudanganya. Mtoto anaweza kushtuka kwa honi na bado asimsikie njiwa. Anaweza kusikia sauti nzito na asisikie nyembamba, na kwa mtoto kama huyo maneno yanafika yakiwa yamekatwa vipande. Sauti ndogo ndiyo inayoonyesha ukweli.

Hata wewe unaweza kuangalia nyumbani. Mtoto mchanga anapaswa kushtuka kwa sauti ya ghafla. Kufikia miezi mitatu au minne, anatulia akisikia sauti yako hata kabla hajakuona. Kufikia miezi sita hivi, anageuka kutafuta sauti inakotoka. Hapo mketishe mapajani pa mtu mwingine, awe ameshiba na ametulia. Wewe simama nyuma yake, upande mmoja, asikuone wala asione kivuli chako. Usikanyage kwa nguvu. Mwite kwa sauti ya chini, au zungusha kijiko polepole ndani ya kikombe. Ngoja. Mpe nafasi ageuke. Jaribu upande wa pili. Au mtazame tu njiwa akilia, kifaranga akilia, kama macho ya mtoto yanatafuta. Kufikia mwaka mmoja anapaswa kuitika jina lake na kujaribu neno moja au mawili.

Asipogeuka mara moja, rudia siku nyingine, labda alikuwa na mafua. Asipogeuka tena, usingoje. Usimsikilize jirani anayesema wa kwake alichelewa hadi miaka minne. Usinisikilize hata mimi nikisema wavulana huchelewa. Nenda na kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto, mwambie mhudumu waziwazi, "Nataka mtoto apimwe masikio," na uombe barua ya kuelekezwa hospitali iliyo na kliniki ya masikio, pua na koo. Wataalamu wanashauri mtoto apimwe kabla ya mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Hapa kwetu watoto wengi hawapimwi wakizaliwa, kwa hiyo jicho la mama ndilo la kwanza. Harakisha zaidi kama mtoto alizaliwa njiti, alipata manjano kali, alilazwa kwa homa ya uti wa mgongo, alipewa sindano kali za kuua viini kwa siku nyingi, au kama kwenu kuna viziwi wa kuzaliwa.

Kupimwa na kuonekana hasikii si mwisho. Kuna wanaosaidiwa na vifaa vya kusikia, na kuna wanaojifunza Lugha ya Ishara ya Kenya, lugha kamili iliyotajwa kwenye Katiba yetu ya 2010. Yule kijana niliyemkosea anaitumia sasa, na mama yake aliijifunza pamoja naye. Nikikutana nao ananisalimia kwa mikono, na mimi najibu vibaya, ananisahihisha.

Na masikio mazuri tuyatunze. Chanjo ya nimonia iliyoletwa Kenya mwaka 2011 inasaidia kuzuia baadhi ya maambukizi ya masikio na ya uti wa mgongo. Chanjo ya surua na rubela ya miezi tisa na ya miezi kumi na minane isirukwe, kwa sababu surua huharibu masikio, na rubela ikimpata mjamzito, mtoto anaweza kuzaliwa kiziwi. Nyonyesha. Anayenyweshwa kwa chupa asinyweshwe amelala chali kabisa. Jiko la makaa au mafuta lisiwe chumba kimoja na mtoto, moshi huleta maradhi ya masikio pia. Usitie sikioni mafuta, maziwa ya mama, maji ya kitunguu, njiti ya kiberiti wala kijiti cha pamba. Sikio likitoa usaha, sokota kitambaa laini safi kiwe kama utambi, kiingize polepole kinyonye, badilisha hadi pakauke, mara tatu kwa siku, na uje kliniki bila kungoja harufu.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaongea juu ya mtoto anayekataa kula. Andikeni maswali, mpeni mhudumu wa afya wa jamii wa mtaa wenu aniletee. Sasa unaweza kuongeza redio. Au ngoja kidogo, kama njiwa bado yupo.